Mahindi ya Jumanne

Mwezi uliopita mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Membley, Ruiru, alituma ujumbe katika kundi la WhatsApp, akiwaomba wakazi waache kuchoma mahindi kwenye veranda. Alisema moshi unaingia katika nguo za majirani zilizoanikwa na katika vyumba vya watoto wenye pumu. Hakutaja nyumba. Sote tulijua ni ya mzee mmoja mstaafu ambaye kila msimu wa mahindi mabichi huteremsha jiko lake la makaa, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kaptura yake, akachoma kama mtu aliyeajiriwa kufanya hivyo. Watu walijibu kwa vidole gumba. Mmoja akaandika, "Basi atugawie." Mimi sikuandika kitu. Nilifunga dirisha la jikoni, kama ninavyofanya kila mara harufu hiyo ikija, nikaendelea kukata sukuma wiki.

Sili mahindi ya kuchoma. Ya kuchemsha nakula, githeri ya mahindi na maharagwe nakula, ugali nakula karibu kila siku. Mume wangu huwaambia wageni kwamba shida ni meno. Watoto wangu wakinunua huko nje huyamalizia langoni kabla ya kuingia, na hawajawahi kuuliza kwa nini. Ni moja ya tabia za mama yao, kama vile kuzima redio mtu akianza kuongea. Kwa miaka thelathini na kitu sikumweleza mtu. Halikuwa jambo la kutisha. Ni kwamba ukishakuwa mtu mzima ni vigumu kueleza kitu ulichoamini ukiwa na miaka tisa bila kuonekana unaomba kuhurumiwa.

Wakati huo tulikaa Murera, na ukiwaambia watu wa Thika unakaa Murera walikuuliza kama kuna watu huko. Baba alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, akifanya kazi kwa zamu. Yeye na Mama walitoka upande wa Bungoma, na alikuwa amenunua ploti ndogo Murera kwa sababu hakupenda kulea mtoto katika chumba cha kukodi. Alijenga vyumba viwili vya mabati. Ardhi iliyobaki Mama aliipanda mahindi, kutoka karibu na mlango hadi ua wa nyuma penye migomba mitatu. Hakuweza kuona udongo umekaa bure. Msimu wa baridi ukifika, ukitoka nje asubuhi majani yenye umande yalikulowesha mikono kabla hujafika chooni.

Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Sikujua kwamba hilo lilikuwa tatizo. Watu walipomuuliza Mama, "Na huyu Nekesa mtamletea mwenzake lini?" nilidhani wananihurumia mimi, kwamba nakosa mtu wa kucheza naye. Kisha mwaka ule tumbo la Mama likaanza kuonekana chini ya sweta, na maswali yakakoma. Majirani wakaanza kumbebea maji.

Mama alinifundisha kuchoma mahindi mwaka huo huo, kwa sababu kuinama kwenye jiko kulikuwa kumemshinda. Alikaa kwenye stuli mlangoni, miguu ameinyoosha, akinielekeza kwa mkono. Unachagua hindi kwa kuangalia ndevu zake: zikiwa bado mbichi na za kijani, liache. Zikikauka na kuwa za kahawia, bandua ganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maji kama maziwa mepesi, bado. Ikikataa ukucha kabisa, hilo ni la githeri. Unataka lile la katikati. Usiweke hindi kwenye moto wenye ndimi, litaungua nje na kubaki bichi ndani. Ngoja makaa yashike yote na yaanze kuvaa majivu. Halafu geuza. Geuza tena.

"Usitoke ukaenda kucheza," alisema. "Ukilisikia linalia, ligeuze."

Kulia alikomaanisha ni ule mlio wa punje zikipasuka. Nililichukua neno hilo lilivyo. Niliamini mahindi yalisikia maumivu na yalikuwa yakiniita, na kwa hivyo nilikuwa mchomaji makini sana. Vidole vyangu vilinuka moshi na utomvu hadi shuleni. Nilijivunia harufu hiyo.

Kila siku baada ya masomo, Mama alitaka hindi moja. Lilikuwa moja tu, nalo liwe limeiva sana, na upande mmoja uwe mweusi kidogo. Pilipili hakutaka, chumvi hakutaka. Alilila polepole, mstari kwa mstari, huku akitazama mbele kama anayesikiliza tangazo. Kabla hajafika katikati aliniita.

"Kuja usikie. Ameanza."

Niliweka kiganja pale aliponionyesha, na kweli kitu kikanipiga kutoka ndani, mara moja, mara mbili.

"Anashukuru," Mama alisema. "Akisikia tu harufu ya mahindi, huyu, anaruka."

Kwa hivyo nilimjua ndugu yangu kabla hajaja. Nilijua chakula chake. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Wambui, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika kwetu kabla yake. Alikuwa na watoto watano na hakuna jambo la uzazi lililomshangaza. Siku moja alinikuta nimeketi kando ya jiko nikisita, kwa sababu nilikuwa nimechoma hindi zuri na nilitaka kulivunja nusu nibaki na kipande. Akalichukua mkononi mwangu akicheka, akalipeleka kwa Mama.

"Wee, maitu," aliniambia, akiniita mama kwa Kikuyu chake, "mama mwenye mimba hanyimwi kitu. Akitamani kitu na akose, ni huyo mtoto ataumia. Hujui hivyo?"

Nilikuwa sijui. Alisema kwa mzaha, na nadhani alisahau kabla hajafika kwake. Mimi sikusahau. Shuleni tulikuwa tukifundishwa sheria nyingi za aina hiyo, kwamba ukinywa maji yasiyochemshwa utaugua, kwamba ukigusa waya utakufa, na sikuwa na sababu ya kuweka hii kando na zile.

Jumanne moja nilirudi nyumbani saa saba kwa chakula cha mchana, nikakuta moto haujawashwa. Mama alikuwa amelala kitandani akiangalia ukuta. Nilimwita, akasema nirudi tu shule, atapika baadaye. Nilikunywa maji kikombe kimoja nikaenda. Alasiri mvua ndogo ya baridi ilikuwa ikinyesha, ile isiyoisha wala kuongezeka. Nilipofika nyumbani mara ya pili, sufuria zilikuwa palepale zilipokuwa. Mama alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Nekesa," alisema bila kugeuka. "Nichomee mahindi."

"Moja?"

"Moja."

Baba alikuwa zamu ya mchana na angerudi usiku. Nilivua viatu nikaingia katika mahindi. Yaliyo karibu na mlango tulikuwa tumeshayamaliza, ikabidi niende hadi kati. Nilivunja mawili. La kwanza lilikuwa refu, limejaa hadi kwenye ncha, aina ya hindi unalolipata mara moja kwa wiki. La pili lilikuwa fupi na mdudu alikuwa ameingia juu, lakini nilisema nitakata hapo nile mimi. Nilikuwa na njaa ya tangu asubuhi. Naitaja kwa sababu ilikuwepo.

Makaa yalikuwa yamepata unyevu, yakachukua muda. Nilipepea kwa kipande cha katoni chini ya ukingo wa bati, maji yakidondoka nyuma ya mgongo wangu. Hatimaye nikaweka mahindi yote mawili. Harufu ilijaa pale nje, ikaingia ndani kupitia mlango ulioachwa wazi. Nilijua imeingia kwa sababu nilimsikia Mama akigeuka kitandani, kitanda kikalia.

Lile zuri liliiva kwanza. Nililitoa ili nilipeleke. Kisha nikatoa punje moja, nione kama limeiva ndani. Nikatoa ya pili. Nikasema nitakula mstari mmoja, hataona. Mstari mmoja ukiutoa unaonekana sana, kwa hivyo nikatoa na wa pili ili pafanane. Sikumbuki niliamua lini kwamba siwezi tena kumpelekea. Nakumbuka tu kwamba nilipolegeza meno, mkononi nilikuwa na gunzi, na lile la pili lilikuwa limelia na kunyamaza bila mimi kulisikia. Upande wake mmoja ulikuwa makaa.

Nilificha gunzi nyuma ya gunia la makaa. Nikachukua lile lililoungua, nikaliweka kwenye sahani ya bati, nikampelekea.

Mama aliinuka akaegemea kiwiko. Alitazama sahani kwa muda.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu. Zingine bado ni changa."

Hakulila. Aliweka sahani kwenye stuli, akaweka mkono juu ya tumbo na kuuacha hapo, na uso wake nilipouangalia haukuwa wa hasira. Ningependelea uwe wa hasira.

"Sawa," alisema. "Sasa enda uniitie Mama Wambui. Mwambie aje na leso, na amtafute yule mtu wa pikapu."

Nilikimbia. Mama Wambui alisikia maneno mawili akaacha unga wa uji juu ya meza. "Ngai fafa," alisema, akimwita Mungu, si mimi. Pikapu ilikuja, Mama akapandishwa mbele akiwa amefunikwa blanketi, wakaelekea hospitali Thika. Mimi niliachwa kwa watoto wa Mama Wambui. Binti yao mkubwa alinipakulia githeri, nikasukuma sahani. Alifikiri ninamlilia mama yangu. Mimi nilikuwa nikifikiri jinsi ya kumwambia daktari kwamba dawa yake ni hindi moja, zuri, na kwamba mahali pa kulipata napajua.

Mama alirudi Alhamisi. Nilitoka shule nikakuta ameketi kitandani, tumbo limeshuka, sweta ileile sasa ikimning'inia. Baba alikuwa nyumbani ingawa haikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa akinawa udongo mikononi kwenye karai.

"Mtoto ako wapi?" niliuliza.

Wazazi wangu walitazamana. Baba ndiye aliyejibu.

"Mtoto alirudi," alisema.

Nadhani alitaka kusema alirudi kwa Mungu, na sehemu ya mwisho ikamkataa. Mimi nililielewa kama lilivyosemwa. Mtoto alikuwa amekuja, akafika kama mgeni anavyofika, akaangalia kilichoandaliwa, akaona hindi lililoungua. Akarudi.

Hakuna mtu aliyenigombeza. Siku nzima nilingoja kugombezwa. Ijumaa nilikumbuka gunzi nyuma ya gunia. Makaa yalikuwa yakikaribia kuisha, na Baba angelihamisha gunia na kuliona, na angejua kwamba siku ile kulikuwa na hindi la pili, zuri. Nilisubiri wakati alipotoka, nikalichukua, nikalificha ndani ya sweta ya shule, nikaenda nyuma kabisa ya ploti, kwenye migomba. Nilichukua kijiti nitafute mahali pa kulifukia. Udongo kila mahali ulikuwa mgumu na wenye mizizi, isipokuwa sehemu moja kati ya migomba miwili, ambapo ulikuwa laini, umechimbwa karibuni na kusawazishwa. Nilifikiri Baba anatayarisha kupanda mgomba wa nne. Nikachimba hapo kwa kijiti na vidole, nikaliweka gunzi, nikalifunika, nikapiga juu kwa kiganja mara kadhaa hadi likatulia.

Nilipoinuka niliona pazia la dirisha la nyuma likirudi mahali pake. Nilingoja tena kugombezwa. Jioni hiyo Mama alinipakulia ugali mwingi kuliko kawaida na akakaa kuniangalia nikila.

Wiki iliyofuata Baba alichoma mahindi. Nadhani alifanya hivyo ili nyumba inuke kama zamani. Alinipa moja, nikasema sitaki. Alipotaka kunishawishi, Mama akamwambia, "Muache. Huyo muache kabisa," kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia akiitumia kwa Baba. Nikajua basi kwamba anajua yote. Alikuwa ameona, alikuwa ameelewa, na alikuwa ameamua kutonichapa, na kwamba kwa kubadilishana na hilo sitakula tena kitu hicho. Hayo yalikuwa mapatano yetu. Niliyashika vizuri sana. Sijui mtoto mwingine aliyeshika ahadi ambayo hakuna mtu aliyemwomba kuitoa.

Miaka miwili baadaye alizaliwa dada yangu Nasimiyu, mzima na mwenye kelele. Miezi yote ile kabla hajaja, Mama alipotaka kitu chochote, hata chumvi, nilikimbia. Watu walinisifu kwamba mimi ni mtoto msaidizi. Nilisoma, nikapata kazi Ruiru, nikaolewa, nikapata watoto wangu. Mwenyewe nikiwa na mimba sikutamani mahindi hata siku moja, au labda sikujiruhusu. Baba alifariki, tukamzika kwao Bungoma. Baada ya mazishi wajomba walimwambia Mama abaki huko nyumbani, Murera amalizane nayo. Alikataa. Alisema amezoea maji ya Murera, jibu ambalo halikumridhisha mtu, kwa sababu maji ya Murera kila mtu anajua yalivyo mabaya.

Mwaka jana Nasimiyu aliamua kujenga vyumba vya kukodi kwenye ploti. Wanafunzi wa chuo kikuu kule Juja wanafika hadi Murera siku hizi wakitafuta nyumba, na mahindi ya Mama yalikuwa yamebaki mistari michache iliyozungukwa na maghorofa ya watu. Mchoro ulikuwa wa vyumba sita, nyuma, pale penye migomba. Mama alikubali kila kitu hadi fundi alipokuja kupima. Alipoanza kupiga vigingi nyuma, Mama alivichomoa kimoja kimoja akavipanga mlangoni. Nasimiyu alinipigia simu akiwa karibu kulia.

"Mum hataki hata kuniambia sababu. Anasema tu hapo hapana. Wewe ndio firstborn, enda uongee na yeye."

Nilienda Jumamosi. Mama alikuwa ameketi nje kwenye jua, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimsalimia, nikavuta stuli, nikaanza mbali kama watu wanavyofanya. Alinikata.

"Umetumwa na huyo msichana."

"Nimetumwa. Mama, nyuma ndiko kuna nafasi. Upande wa barabara ni vyumba vinne tu vitaingia."

"Basi viwe vinne."

"Lakini kwa nini?"

Aliacha maharagwe, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe ndio unaniuliza hivyo? Nasimiyu hajui, sawa, alikuwa hajazaliwa. Lakini wewe unajua."

"Sijui, Mama."

"Nekesa. Nilikuona."

Nilihisi miaka tisa ikirudi mwilini. Nilimwuliza aliniona wapi.

"Kwa dirisha. Baba yako alimzika hapo Alhamisi, kabla hujatoka shule. Kwa hospitali walitupatia yeye, tukamleta. Nilimwambia azike nyuma, asikuonyeshe, wewe ni mdogo. Na kesho yake nakuona umepiga magoti hapo hapo unachimba kwa vidole. Unamwekea kitu, unafunika, unapigapiga juu hivi, pole pole, kama mtu analaza mtoto." Alipiga hewa kwa kiganja. "Sikujua nani amekuambia. Nikasema, huyu mtoto ana moyo. Nikarudi kitandani, na siku hiyo ndio nililala usingizi mara ya kwanza."

Kuku walikuwa wakizunguka ungo.

"Ukakataa mahindi," aliendelea. "Baba yako hakuelewa. Mimi nilielewa. Yalikuwa ya hii shamba, na yeye ako ndani yake. Nikamwambia akuache."

Kwa hivyo hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yetu. Nilimwuliza kitu kimoja, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya maharagwe. Nilimwuliza mtoto alifariki lini. Ni baada ya kufika hospitali?

"Hospitali?" alisema. "Aliacha kucheza Jumapili. Tuko kanisani, nimesimama kwa wimbo, nikasikia ameenda kimya. Jumatatu kimya. Nilikuwa najua, lakini nikasema labda amelala. Jumanne ndio nikakuambia unichomee mahindi. Unakumbuka venye alikuwa anaruka akisikia harufu? Nikasema nijaribu. Harufu ilifika mpaka kwa kitanda. Nikageuka, nikangoja." Alichukua maharagwe mkononi akayarudisha. "Hakuruka. Hapo ndio nikakutuma kwa Mama Wambui."

Ningeweza kuishia hapo. Jambo lililonikaa kifuani tangu utotoni lilikuwa limeondolewa kwa siku mbili tu za juma, Jumapili na Jumanne, na hakuna aliyehitaji kitu zaidi kutoka kwangu. Nilimtazama mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyekataa kurudi kwao kwa ajili ya futi tatu za udongo, na ambaye katika udongo huo aliamini kuna zawadi ya mtoto wa miaka tisa. Nilifikiri kunyamaza ndiyo heshima. Kisha nikafikiri kwamba kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapo. Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, mahindi mawili, lile zuri, mstari wa kwanza, wa pili, lile lililoungua, uongo wangu, gunia, na gunzi. Nilimwambia sikujua kuna mtu pale. Nilitafuta tu udongo laini.

Mama alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alitazama kule kwenye migomba kwa muda mrefu. Nilidhani nimemvunjia kitu kisichojengeka tena, na nikaanza kusema pole. Aliinua mkono ninyamaze. Alikuwa akihesabu kitu kichwani. Niliona midomo yake ikisogea.

"Siku hiyo mimi sikupika," alisema mwishowe. "Mchana ulikuja ukakosa. Jioni sikuamka. Halafu Mama Wambui akaniambia ulifika kwake ukakataa githeri, ukalala hivyo. Hiyo imenisumbua, Nekesa. Miaka yote hii. Kwamba huyo alienda, na huyu nilikuwa naye, na nikamlaza njaa."

"Sikulala njaa, Mama."

"Kumbe ulikuwa umekula."

"Nilikuwa nimekula. Lote."

"Afadhali," Mama alisema, akavuta ungo karibu. "Afadhali ulikula."